Elimu Bila Ada, Makande kwa Mchango

Ada ya shule ya msingi ilifutwa nchini Tanzania mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 serikali ikatangaza elimu bila malipo hadi kidato cha nne. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 uligawa majukumu. Serikali ilichukua walimu, ruzuku ya uendeshaji na mitihani. Mzazi aliachiwa sare, madaftari, kalamu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Wengi tuliusoma mgawanyo huo haraka na kuuona wa haki, kwa kuwa katika mila zetu zote kumlisha mtoto ni kazi ya mzazi. Lakini mtoto huyo anaondoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 9 alasiri, na saa zote hizo yuko mikononi mwa dola. Ndani ya saa hizo hakuna sheria inayomhakikishia hata kikombe cha uji.

Ninaandika haya nikiwa mhadhiri ambaye kila mwaka, chuo kinapofungwa, hutumwa mikoani kukagua wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Wengi wao hupangwa sekondari za kata. Wachache, wale wanaosomea elimu ya awali na msingi, hupangwa katika shule za msingi, na hizo ndizo ninazopenda kuzikagua. Huko ndiko mtu anakoiona nchi bila vumbi kufagiliwa. Mgeni wa kutoka wizarani hupokewa kwa ngoma na soda. Mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha hufika kwa bodaboda, huketi nyuma ya darasa na fomu yake, na baada ya dakika kumi watoto wamesahau kwamba yupo.

Katika wilaya moja ya ukanda mkavu wa katikati ya nchi, nilikagua kipindi cha hisabati cha darasa la tano kilichoanza saa 7 mchana. Mwanachuo wangu alikuwa amejiandaa vizuri. Zana zake za kufundishia zilikuwa vizibo vya soda na vijiti vilivyofungwa makumi makumi, na andalio lake la somo lilikuwa safi. Hata hivyo nusu ya darasa haikuwa naye. Watoto wa safu za upande wa dirisha walinyanyua mikono, wakajibu, wakabishana. Watoto wa safu za upande wa ukuta walikuwa wamelaza vichwa juu ya madawati. Nilidhani mwanachuo huyu ana tabia ya kufundisha upande mmoja, kosa la kawaida kwa walimu wachanga, na nikaliandika kwenye fomu. Kipindi kilipokwisha nilimwuliza. Alinijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wale wa ukutani hawajala. Wanapenda kukaa pamoja."

Shule hiyo ilikuwa inapika makande mara nne kwa wiki. Kila mzazi alitakiwa kutoa debe moja la mahindi na kilo kadhaa za maharage kwa mwaka, pamoja na fedha kidogo za mpishi na chumvi. Aliyetoa, jina la mtoto wake liliandikwa kwenye daftari, na kengele ya chakula ilipogongwa mtoto huyo alipanga foleni na bakuli lake. Ambaye mzazi wake hakutoa alibaki chini ya miti ng'ambo ya uwanja hadi wenzake wamalize. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Waraka unakataza mtoto kuzuiliwa masomo kwa sababu ya mchango, na shule ilikuwa inautii waraka kikamilifu, maana wote waliruhusiwa kuingia darasani. Kilichowatenganisha kilikuwa nusu saa ya kula, na baada ya hapo vipindi viwili vya mchana ambavyo kwa baadhi yao havikuwa vipindi tena.

Fomu yangu ya tathmini ina vipengele vya maandalizi, zana, lugha, udhibiti wa darasa na ushirikishwaji wa wanafunzi. Haina kipengele cha njaa. Nilifuta nilichokuwa nimeandika, nikampa mwanachuo wangu alama alizostahili, kisha nikaenda ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Hakuanza kujitetea. Alifungua kabati, akatoa daftari la michango na kunionesha kurasa zake. Zaidi ya theluthi moja ya majina hayakuwa na alama. "Nikiwalisha wote kwa mahindi ya wachache," alisema, "chakula kitaisha mwezi wa nne, na mwakani hawa waliotoa hawatatoa. Nikiwalisha waliotoa peke yao, nafanya unachokiona. Wewe ni msomi, mzee. Niambie nichague lipi." Sikuwa na jibu, na sidhani kama swali lile lilipaswa kuelekezwa kwa yeye au kwangu. Mtumishi wa daraja lake hapaswi kuachiwa uamuzi wa mtoto yupi ale na yupi akae.

Siku iliyofuata kulikuwa na kikao cha wazazi, nami nikaomba kubaki. Nilitarajia kuwasikia wazazi wakaidi, maana ndivyo wasiochangia wanavyoelezwa katika taarifa nyingi: hawana mwamko, hawaoni thamani ya elimu, wanapenda vya bure. Baba mmoja alisimama na kusema hayo hayo kwa ukali, kwamba wapo watu wana fedha za pombe lakini debe la shule hawana. Huenda alisema kweli kuhusu baadhi. Baada yake akasimama mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. "Mwalimu, mimi sikatai kuchangia," alisema. "Nina watatu hapa. Madebe matatu ndiyo chakula changu cha kutoka mwezi wa pili mpaka mavuno. Nikiyaleta hapa, jioni wale watatu watakula nini?" Kikao kilinyamaza. Yule baba aliyesema kwa ukali alitazama chini. Mwenyekiti akafungua ajenda inayofuata.

Nimeirudia hesabu ya mama yule mara nyingi, nami nawaomba wanafunzi wangu na watumishi wa halmashauri mnaosoma hapa tuifanye pamoja, kwa kuwa mjadala wa chakula shuleni umejaa hisia na umepungukiwa namba. Tuchukue mlo wa kawaida kabisa wa makande: gramu 120 za mahindi, gramu 40 za maharage na mililita 5 za mafuta kwa mtoto mmoja kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto mmoja basi anahitaji kilo 23 na robo za mahindi, yaani debe moja na ziada kidogo, na karibu kilo 8 za maharage. Gunia la kilo 100 linalisha watoto wanne kwa mwaka mzima. Hadi hapo mzigo unaonekana mwepesi.

Sasa tuutie bei. Bei hupanda na kushuka kwa msimu na kwa mkoa, kwa hiyo tuchukue mfano tu: kilo ya mahindi shilingi 1,000, kilo ya maharage shilingi 3,000, lita ya mafuta shilingi 6,000. Mahindi ya mtoto kwa siku ni shilingi 120. Maharage, ingawa ni theluthi moja ya uzito wa mahindi, nayo ni shilingi 120. Mafuta ni shilingi 30. Tuweke shilingi 30 nyingine za chumvi, kuni na ujira wa mpishi. Jumla ni shilingi 300 kwa mlo, bei ndogo kuliko nauli ya daladala. Kwa mwaka ni shilingi 58,200. Kwa mama mwenye watoto watatu ni shilingi 174,600, nazo zinadaiwa katika miezi ileile ambayo ghala lake limekwisha na shamba lake halijaiva. Kwa mwenye mshahara, shilingi 300 kwa siku ni chenji. Kwa asiye na mshahara hakuna kitu kinachoitwa shilingi 300 kwa siku. Kuna debe, na debe hutoka lote kwa mara moja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wazee, na ningeongeza kwamba mwenye mshahara hamjui mwenye msimu.

Hesabu hiyo inaeleza pia jambo la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza: ubora. Mahindi hulimwa na karibu kila kaya, kwa hiyo hupatikana. Maharage na mafuta hununuliwa. Shule inapopungukiwa, kitu cha kwanza kutoweka kwenye sufuria ni maharage, na cha pili ni mafuta. Nimekula katika shule ambako makande yalikuwa mahindi yaliyochemshwa, na maharage ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Kwenye taarifa ya robo mwaka shule hiyo imeandikwa kwamba inatoa chakula. Wilaya inajumlisha, mkoa unajumlisha, na hatimaye tunapata asilimia ya shule zenye huduma ya chakula. Asilimia hiyo haisemi ni wanafunzi wangapi wa shule hiyo wanaokula, wala haisemi wanakula nini. Ofisa wa takwimu hakudanganya, na mwalimu hakudanganya. Fomu iliuliza kama kuna sufuria, na sufuria ipo.

Anayedhani kwamba tumbo lililojaa linatosha atazame ramani ya udumavu. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Katika mkoa wa Iringa ni zaidi ya nusu, na Njombe na Rukwa ni karibu nusu. Hiyo ni mikoa inayolisha miji yetu kwa mahindi na viazi. Udumavu una sababu nyingi, kuanzia afya ya mama hadi maji safi, lakini ramani hiyo inatufunza walau jambo moja: wingi wa mahindi haujengi mwili peke yake. Mtoto anahitaji protini ya maharage, kunde au dagaa, anahitaji mboga za majani na matunda, anahitaji mafuta ili vitamini A ya mboga na ya viazi lishe ifyonzwe mwilini, na anahitaji chumvi yenye madini joto. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinacholetwa shuleni kwa debe.

Tena liko suala la usalama, nalo linatokana moja kwa moja na namna tunavyokusanya. Kaya mia tatu zinapoleta madebe mia tatu kwenye stoo moja, mahindi yaliyokauka vizuri huchanganywa na yaliyovunwa na unyevu, yaliyohifadhiwa kwenye mifuko mizuri na yaliyonyeshewa. Wengi wetu, tukiombwa kutoa mahindi, hatutoi yale mazuri zaidi. Stoo yenyewe mara nyingi ni darasa lililochakaa, na magunia yanalala sakafuni pasipo chaga. Hayo ndiyo mazingira yanayopendwa na ukungu unaozalisha sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika eneo la mashariki mwa Kenya. Mlo uliokusudiwa kumwokoa mtoto unaweza kumdhuru, na India inalijua hilo kwa uchungu. Julai 2013, watoto 23 wa shule moja ya kijijini katika jimbo la Bihar walikufa baada ya kula chakula cha mchana kilichochanganyika na dawa ya kuulia wadudu. Chakula cha bei nafuu kisicho na mkaguzi kinaweza kuwa ghali kuliko hesabu zote tunazoweza kuandika.

Tulifikaje hapa? Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea akitaka kila shule iwe na shamba, na wanafunzi wale sehemu ya jasho lao. Mashamba yale yalikuwapo, na bado yapo katika shule nyingi, ingawa mengi yamemegwa na wavamizi au yamegeuzwa viwanja. Kisha ukaja ukame na upungufu wa chakula wa miaka ya 1970 na 1980, na pamoja nao ule unga wa mahindi ya manjano uliotoka ng'ambo. Watu wa rika langu wanaukumbuka kwa jina la Yanga, kwa ajili ya rangi yake. Baadaye Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likalisha shule za wilaya kame kwa miaka mingi. Misaada hiyo iliwafaa waliokula. Lakini msaada una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na shule niliyoitembelea bado ina jiko zuri la matofali, lililojengwa zama za mradi, ambalo sasa wanahifadhia majembe.

Mwaka 2018 likatokea jambo jingine. Januari mwaka huo Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, akikusudia kuwalinda wazazi dhidi ya walimu waliogeuza michango kuwa ada ya mlango wa nyuma. Baadaye ilifafanuliwa kwamba mwenye hiari anaweza kuchangia kupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nia ilikuwa njema na kilio cha wazazi kilikuwa cha kweli. Lakini walimu wakuu kadhaa niliozungumza nao waliogopa kabisa kugusa debe la mtu, wakazima majiko. Ikadhihirika kwamba chakula cha watoto wetu kinategemea tamko: linaweza kukiondoa tamko la leo na kukirudisha tamko la kesho, kwa kuwa hakina mstari wake katika bajeti.

Na mwaka 2024 tukabishana kuhusu mchele. Marekani ilileta mchele uliorutubishwa kwa ajili ya shule za mkoa wa Dodoma, na watu wakauliza, kwa haki kabisa, kwa nini nchi inayouza mchele nje iletewe mchele, na kwa nini fedha hizo zisinunue mpunga wa wakulima wa hapa na virutubishi vikaongezwa hapa. Nilifurahi kuusikia mjadala huo. Kilichonisikitisha ni jinsi ulivyokwisha. Tulitetea heshima ya mchele wetu kwa wiki kadhaa, kisha tukanyamaza, na hakuna aliyeuliza mtoto wa Dodoma atakula nini baada ya mchele ule kwisha. Hasira yetu ilikuwa juu ya aliyeleta sahani, na ilipotulia hatukuweka sahani nyingine mahali pake.

Wenzetu wamejaribu njia nyingine, na hatuhitaji kwenda mbali. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha mpango wa Dishi na County, ambamo mzazi huchangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo na gharama nyingine hubebwa na kaunti na mshirika wake, shirika la Food4Education. Chakula hupikwa katika majiko makubwa ya pamoja na kusambazwa shuleni kikiwa moto. Mlango wa kuingilia umeshushwa hadi mahali ambapo kaya nyingi za mjini zinaweza kuufikia, na mchango hulipwa kwa kiwango cha siku, kama kipato cha wengi kilivyo. Majiko makubwa hayo yanafaa mji uliosongamana. Wilaya yenye shule zilizotawanyika kilomita 20 kwa 20 itahitaji utaratibu wake. Brazili nayo, kwa sheria ya mwaka 2009, ilielekeza kwamba walau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotoka serikali kuu zinunue mazao ya wakulima wadogo wa familia. Chakula cha mtoto kikawa pia soko la baba yake. Na India, Novemba 2001, Mahakama ya Juu iliziamuru serikali za majimbo zitoe mlo uliopikwa katika shule za msingi. Kuanzia hapo chakula kile kikawa kitu ambacho raia anaweza kukidai mahakamani. Bihar inatukumbusha kwamba haki iliyoandikwa haitoshi pasipo usimamizi. Lakini pasipo haki iliyoandikwa hakuna hata wa kumwajibisha.

Najua hoja mbili zitakazoletwa dhidi yangu, kwa sababu nimezisikia katika semina zetu. Ya kwanza ni kwamba kumlisha mtoto ni wajibu wa mzazi, na serikali ikiuchukua itazaa kizazi tegemezi. Naiheshimu hoja hiyo. Lakini hatusemi hivyo kuhusu chanjo, wala kuhusu chandarua, wala kuhusu kitabu cha kiada. Vyote hivyo tuliviona kuwa sharti la mtoto kuishi na kujifunza, tukavibeba kwa pamoja. Tena mtoto ndiye anayeadhibiwa kwa deni ambalo si lake. Tukitaka kumfundisha mzazi wajibu, ofisi ya kijiji ipo. Kumweka mwanawe chini ya mti akiwatazama wenzake wakila hakumfundishi mzazi kitu. Kunamfundisha mtoto, mapema mno, kwamba shule ni ya wenye nacho.

Hoja ya pili ni gharama, na hii inastahili kujibiwa kwa namba. Shule za msingi zina wanafunzi zaidi ya milioni 11. Kwa mfano wetu wa shilingi 300 kwa siku 194, kuwalisha wote ni zaidi ya shilingi bilioni 640 kwa mwaka. Fedha hizo si kidogo. Bajeti ya taifa ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, kwa hiyo tunazungumzia shilingi moja na senti 30 katika kila shilingi mia moja. Lakini sipendekezi serikali ibebe yote kwa mkupuo. Napendekeza ibebe kile kinachotoweka kwenye sufuria: maharage na mafuta. Hizo ni shilingi 150 kwa mtoto kwa siku, takriban bilioni 320 kwa mwaka, chini ya senti 70 katika kila shilingi mia. Wazazi waendelee na mahindi na kuni kwa kadiri ya mavuno yao, na chakula kikiiva, watoto wote wale. Mwenye kudaiwa adaiwe kijijini. Maharage yanunuliwe kwa vyama vya ushirika vya msingi vya wilaya husika, yapimwe unyevu na ubora kabla ya kupokelewa, na daftari la stoo libandikwe kwenye ubao wa matangazo ambako mzazi yeyote anaweza kulisoma.

Kwa kulinganisha, ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ukiigawa kwa siku za masomo unapata shilingi 51 na ushei kwa siku, na hata hiyo ina kazi zake nyingine: chaki, karatasi, ukarabati, vitabu. Halmashauri zetu zimekwishaagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa wametia saini mikataba ya kusimamia jambo hilo. Ni hatua njema inayoonesha kwamba fedha za lishe zinaweza kutengwa, kufuatiliwa na kuulizwa. Lakini mtoto huyo akitimiza miaka sita na kuvaa sare, anatoka kwenye hesabu. Dola iliyomhesabu akiwa mgongoni mwa mama yake inaacha kumhesabu siku anapoanza kutembea kwenda kwenye jengo la dola yenyewe.

Wizara ya Elimu ina mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi, na nimewahi kuufundisha. Umeandikwa vizuri, na unasisitiza ushirikishwaji wa wazazi na jamii. Upungufu wake ni ule wa miongozo yote: unaelekeza, na wala haubebi fungu la fedha. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaharakati ni kwamba tuhamishe mjadala kutoka kwenye semina za lishe na kuupeleka kwenye vikao vya bajeti vya halmashauri, ambako vifungu vinaandikwa. Madiwani wanaogopa swali moja linaloulizwa na wazazi ishirini kuliko andiko la kurasa mia la mtaalamu mmoja. Kwa watumishi wa umma, ombi langu ni dogo zaidi. Fomu ya taarifa ya robo mwaka iongezewe safu tatu: wanafunzi wangapi waliandikishwa, wangapi walikula, na katika sufuria mlikuwa na nini. Safu hizo hazigharimu shilingi.

Na kwenu wanachuo wangu, mtakaopangwa mikoani tena mwaka huu: mkikuta darasa limegawanyika, upande mmoja umeamka na mwingine umelala, kabla ya kulaumu mbinu zenu za kufundishia, ulizeni waliokula ni akina nani. Andikeni idadi yao kwenye shajara zenu za mazoezi, tarehe kwa tarehe, na mniletee. Nitazikusanya za wilaya zote mtakazokwenda, na kikao cha bajeti kitakapofika nitakuwa na kitu cha kuweka mezani ambacho hakuna mwenyekiti anayeweza kukipita kwa kufungua ajenda inayofuata.